Sketi ya Jumamosi

Mimi nimesoma lise, yaani sekondari ya wasichana, ya masista hapa Kolwezi miaka miwili mizima. Msicheke. Nilisoma Jumamosi tu, kuanzia saa nane hadi saa kumi, jua likipasua mawe, na kalamu niliyopewa ilikuwa jembe.

Nisingesimulia habari hii kama si arusi ya juzi. Nilikaa meza ya nyuma kabisa, karibu na sufuria, na mkononi nilikuwa na paja la kuku nililolipigania kama askari. Meza ya mbele alikaa binti wa tata mudogo wangu, yaani baba mdogo, sasa mama mkubwa wa mjini, mume wake mkurugenzi, shingo imejaa dhahabu mpaka nikauhurumia uti wake wa mgongo. Wasichana wenye kucha ndefu walikuwa wamemzunguka, na yeye alikuwa anawafundisha maisha.

"Nyinyi batoto ba leo munalia bure," akasema. "Siye wakati wa salongo, masista walitulimisha mpaka maboko ikatoka damu. Njo ile ilitufanya kuwa bamama ba kweli."

Akainua viganja ili wavione. Viganja laini kama mkate wa maziwa. Wasichana wakaguna kwa huruma. Mimi paja likanigeukia mdomoni, nikaliweka chini, na yeyote anayenijua atawaambia kwamba jambo hilo halijatokea tangu nizaliwe. Kilichonitia kichefuchefu si uongo; uongo hata mimi nautumia, natia kidogo kwenye kila hadithi kama chumvi. Ni kwamba yeye hakuwa anadanganya. Anaamini. Ameamini miaka mingi kiasi kwamba ile damu anaiona.

Wakati ule, kabla ya vita kuingia Kolwezi, tata yangu aliendesha lori kwenye mashimo ya shaba ya mgodi wa Mashamba, lori kubwa kuliko kanisa letu, na kanisa letu halikuwa dogo. Tuliishi kambi ya wafanyakazi, vyumba viwili, watu tisa, kuta nyembamba; jirani akikohoa, sisi tunamwambia pole bila kutoka kitandani. Mdogo wake wa tumbo moja, huyo tuliyemwita tata mudogo, aliishi upande wa pili wa mji, kwenye nyumba za makadre, yaani wakubwa wa kampuni. Wote wawili walitoka kaskazini ya Katanga kwa njia ileile. Ila tata alikuja kwanza, akashika kazi, akamwita mdogo wake, akamtia kwa mapadri asome. Tata mudogo akasoma, akasoma, akasoma mpaka akawa anakohoa kwa Kifaransa. Nchi ilipotaka wenyeji wakae kwenye viti vya Wazungu, yeye akapata kiti. Kiti kikaja na nyumba yenye madirisha kumi na mawili, bustani, gari, na haki moja ambayo kwangu ilipita gari: mtoto yeyote aliyeandikwa kwenye kitabu chake cha familia, kile cha kampuni, aliweza kuingia lise ya masista.

Mtoto wa kambi hakuingia lise ile. Hakukuwa na kibao mlangoni kilichomkataza, wala sista aliyemfukuza. Walitaka tu karatasi ya kadre. Sisi tulikuwa na shule yetu ya kambi, watoto sitini chumba kimoja, watano benchi moja, na aliyetaka kujikuna aliomba ruhusa kwa wenzake wanne. Humo nilimaliza darasa la sita nikiwa wa kwanza kwa wasichana na wa pili kwa wote. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, na hapo sisemi zaidi.

Tata akavaa shati lake la kanisani akanipeleka kwa mdogo wake. Waliongea sebuleni, mimi nimekaa kwenye ukingo wa kiti kirefu nikiogopa kukichafua. Tata mudogo alikubali mara moja. Alisema ataniandika kama mtoto wake na nitaingia kwa masista pamoja na binti yake, ambaye kwa desturi yetu ni dada yangu tu, na kweli tulilingana umri na kimo. Lakini orodha ya mwaka ule imekwisha fungwa. Tungoje mwaka ujao. Kwa sasa nibaki palepale nimsaidie mke wake, mama mudogo, kazi ndogondogo. Tata alimshukuru mdogo wake kwa kuinama. Mimi nami nikashukuru. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sikutaka kitu kingine duniani ila ile lise.

Kazi ndogondogo. Nilipiga pasi mlima wa nguo, mlima ambao ungeweza kuonekana kutoka mbali kule Musumba siku isiyo na ukungu. Nikaosha madirisha yote kumi na mawili, na nilipomaliza la mwisho la kwanza lilikuwa limekwisha chafuka. Sikulalamika. Niliamini kwamba nyumba hii ni kituo, na shule iko mbele.

Sasa salongo. Kwa wale waliozaliwa juzi: ilikuwa kazi ya lazima, kila Jumamosi, nchi nzima. Serikali ilitaka kila raia ashike jembe au ufagio, kuanzia waziri mpaka mwanafunzi. Lise nayo ilikuwa na shamba la mahindi nyuma ya kanisa dogo la masista, na wasichana walitakiwa kulima. Mama mudogo aliposikia hivyo hakulala. Mtoto wake alikuwa anajifunza piano. Alikuwa anajifunza kula samaki kwa kisu na uma bila kuugusa mwiba, somo ambalo masista walilifundisha kwa saa nzima kila Alhamisi, na samaki mwenyewe walimchora kwa chaki. Mikono ya namna ile huipeleki kwenye udongo.

Akaniita chumbani akanipa sketi ya bluu ya dada, ile ya pili, na blauzi nyeupe yenye alama ya shule kifuani. Akaniambia kwamba tunalingana, kwamba wakiita jina la dada niitikie, kwamba ni muda wa saa mbili tu. Kisha akaongeza neno lililonimaliza: kwamba hivyo nitaizoea shule kabla sijaingia.

Nilivaa sketi ile kama askofu anavyovaa joho.

Shambani nikasimama kwenye mstari, na nilipogeuza shingo nikaona kwamba mama mudogo hakuwa mwenye akili peke yake. Wa kulia kwangu alikuwa mtumishi wa jirani yetu; tulikuwa tunaonana kwenye bomba la bustani kila asubuhi. Wa kushoto alikuwa mpwa wa daktari, ametolewa kijijini upande wa Sandoa mwezi ule ule, ameshika jembe kama mtu aliyezaliwa nalo mkononi. Nyuma yetu wengine, na wengine. Nusu ya lise iliyosimama pale ilikuwa jikoni wiki nzima. Yule mama aliyesimamia nidhamu, mwanamke wa Kasai, mpana, mwenye sauti ya kuamsha kambi mbili, tuliyemwita Madame, akaanza kuita majina ya mabinti wa wakubwa, na sisi tukaitikia kwa sauti zetu nene za watu wa kuchota maji. Alituangalia. Akaangalia orodha. Akaangalia mawingu. Akaendelea kuita.

Mahindi ya masista mwaka ule yalipanda juu mpaka ndege walikuwa wanapumzika katikati ya safari. Sista mkuu, mama wa Ulaya ambaye miaka kumi na mitano nchini haikumfundisha kutofautisha sura zetu, alipita na mwavuli wake akitusifu. Alisema kwa Kifaransa kwamba mabinti wa wakubwa wetu hawauogopi udongo, na kwamba hayo ndiyo matunda ya malezi mema. Mpwa wa daktari, ambaye hakujua Kifaransa hata cha kuomba maji, akamjibu merci.

Baada ya kulima, Madame aligawa kazi za kumalizia, na mimi akanipa kufuta mbao za madarasa. Sijui aliona nini kwangu. Nilikuta masomo ya Ijumaa bado yamebaki ubaoni, hesabu, historia, vitenzi vya Kifaransa vimepangwa kama wanajeshi, na nilisoma kila mstari kabla ya kuufuta. Nilifuta polepole kuliko konokono. Nyumbani nikapata kijidaftari, nikawa nayaandika yaliyobaki kichwani huku pasi ikipata moto. Diploma yangu ya leo ni ya kozi za jioni, ina muhuri mkubwa kama sahani, naionyesha hata kwa wasioiuliza. Lakini msingi wake ni vumbi la chaki la Jumamosi.

Niseme na ubaya wangu, maana ningeuacha ningekuwa kama wao. Nilianza kuipenda ile sketi kupita kiasi. Nikitoka shambani sikukimbia nyumbani. Nilipita barabara ya makadre taratibu, mikono nimeificha nyuma kwa sababu ya malengelenge, ili wanaopita waone alama ya shule. Siku moja nilikwenda kambini kusalimia nimeivaa, tata akiwa kazini, na mdogo wangu wa kike, mtoto wa mama yangu, wa miaka kumi, akanikumbatia. Nikamwambia asiniguse na mikono yenye sombe, yaani kisamvu. Mama yangu alinitazama, akarudi kumega bukari, ule ugali wetu. Sikuwa nimekaa hata darasa moja la lise, na ugonjwa wake nilikuwa nimekwisha upata kupitia nguo.

Na dada, je? Hapo ndipo watu wanataka nimtukane, niseme alikuwa ananipiga na kunitemea mate. Hakunipiga. Alikuwa na roho nzuri. Alinigawia biskuti zake, alinifundisha kusema "enchantée", yaani nimefurahi kukufahamu, kwa kubana pua, alilia mbwa wao alipokufa na akataka nilie naye. Hakuwahi hata mara moja kuuliza kwa nini mimi nampigia pasi na si yeye anayenipigia mimi. Shule ilimfundisha mengi, na nyumbani wakamkazia, lakini somo waliloshirikiana kulifundisha vizuri zaidi ni hilo la kutouliza.

Walikuwa na kikundi cha huruma pale lise. Mara moja kwa muhula walipandishwa basi la shule wakapelekwa kambini kugawa sabuni kwa maskini. Maskini wenyewe ndio sisi. Dada akafika na wenzake mpaka mlango wa mama yangu, ambaye kwake ni mama mukubwa, aliyemwogesha akiwa mchanga kwa miezi minne wakati mama yake mwenyewe anaumwa. Wenzake walikuwa wanaangalia. Dada akanyoosha mkono akampa sabuni na kusema, "Bonjour, madame." Mama yangu akaipokea kwa mikono miwili, akasema, "Merci, binti yangu," naye akaenda mlango wa pili.

Mama alinisimulia akicheka mpaka machozi. Mimi nilitoka nje nikatema mate, nikarudi, nikatoka tena.

Mwaka wa kwanza ukapita, orodha ikafungwa tena bila mimi. Tata mudogo alisema kulikuwa na mtu mpya ofisini, mambo yamechelewa, mwaka ujao bila shaka. Nikaendelea kulima. Mwaka wa pili, mwezi wa tano, Madame akanikuta darasani nimesimama mbele ya ubao na kitambaa mkononi, sifuti. Akauliza ninasoma nini. Nikamweleza ile hesabu mpaka mwisho, na nikamwambia kwamba mwalimu amekosea mstari wa tatu, jambo ambalo bado najivunia. Akafunga mlango. Akanisomea imla ya Kifaransa, akanipa hesabu sita, akachukua karatasi yangu akatoka nayo.

Jumamosi iliyofuata aliniita pembeni. Akanieleza kwamba sista mkuu ameiona karatasi, amekubali nianze darasa la kwanza la lise mwezi wa tisa, kwa jina langu mwenyewe. Kilibaki kitu kimoja: mlezi wangu aje na kitabu chake cha familia kabla ya mwisho wa mwezi wa saba, aniandike. Akanitazama kwa macho yake makali.

"Mwambie tata yako mudogo," akasema. "Usimwambie mama ya nyumba. Mwambie yeye."

Nilirudi nyumbani nikipaa. Jembe halikuwa na uzito. Nilipanga kungoja siku ya kusomwa matokeo, ile tunayoita proclamation, kwa sababu siku hiyo tata mudogo angekuwa na furaha na mtu mwenye furaha ni rahisi kutia sahihi.

Nami nilikuwapo siku ile, nyuma ya ukumbi, nimebeba kikapu cha limonadi cha mama mudogo. Wazazi walijaa, mabwana wamefunga suti za abakosti mpaka shingoni, mabibi wamevaa vikwembe, vitenge vipya vinavyolia vikikunjwa. Majina yakasomwa, asilimia zikasomwa, makofi yakapigwa. Dada alipita kwa kuchechemea, nusu na kidogo. Halafu mjumbe wa chama tawala akasimama kutoa zawadi mpya, zawadi ya salongo, kwa msichana ambaye hakukosa hata Jumamosi moja kwa miaka miwili. Akaita jina la dada.

Hakukosa hata Jumamosi moja! Kweli kabisa. Nililima na homa ya malaria, nililima siku ya kilio cha bibi.

Dada akapanda jukwaani amevaa viatu vyeupe. Akapewa jembe jipya lililofungwa utepe wa rangi za bendera, na karatasi ya kampuni iliyosema kwamba masomo yake yanayofuata, huko Lubumbashi, bweni na kila kitu, yatakuwa juu ya kampuni. Mama mudogo akalia. Watu wakapiga makofi kama mvua kwenye mabati. Mimi nilikuwa nimekumbatia chupa za limonadi, na ninaapa kwamba mkono mmoja ulitaka kujipigia makofi.

Halafu akaja mpiga picha wa gazeti la kampuni. Alikuwa mtu wa kazi, anapenda kitu chenye maana. Akasema uso ameupata, sasa anataka mikono, mikono tu, karibu, imeshika mpini, ili wafanyakazi waone mikono ya binti wa kadre. Dada akashika jembe. Kucha zake zilikuwa na rangi ya waridi. Alilishika kama mtu anayeshika mkia wa nyoka aliyekufa. Mpiga picha akashusha mashine yake.

Kisha mama mudogo akageuka nyuma akanitafuta kwa macho, akanikonyeza. Nikaweka kikapu chini, nikaenda. Madame alikuwa amesimama pale ukutani. Alitazama viatu vyake. Nikashika mpini, dada akasogea kando, taa ikawaka. Mwezi uliofuata gazeti lilitoka: uso wa dada juu, mikono yangu chini, na jina moja kwa vyote viwili. Mikono yenyewe ilitoka vizuri sana. Kila ufa wa ngozi ungeuona, achilia mbali sugu.

Jioni ile ile, kabla chakula hakijaondolewa mezani, nikamwomba tata mudogo. Nilimweleza kila kitu, imla, hesabu, sista amekubali, ni kitabu tu na sahihi. Alivua miwani akaifuta. Aliifuta kwa muda mrefu sana kwa miwani safi.

"Mama," akaniita, kwa upole, vile tunavyowaita mabinti tunaowapenda, "fikiri kidogo. Siku ya kwanza Madame ataita majina mawili, lako na la dada yako. Batu ba kule wamekujua kwa jina moya. Watauliza. Na ile zawadi ya leo watasema je?"

Nilijiona nimesimama miaka miwili nikijichimbia mlango, na kumbe udongo wote niliokuwa nautoa nilikuwa naurundika mbele ya mlango huohuo. Nikasema dada anakwenda Lubumbashi, hatutakuwa pamoja. Akasema hapana, hapa bado ana mwaka mmoja wa kumalizia.

Mama mudogo alikuwa anakusanya vijiko. Hakupandisha sauti.

"Leka kumuzungushia mutoto maneno," akamwambia mume wake. "Mi nauliza kitu kimoya. Huyu akiingia kule, nani atamulimia dada yake?"

Dada akainua macho kutoka kwenye sahani, uso umejaa wasiwasi wa kweli, bila ubaya wowote.

"Njo vile, mama," akasema. "Nani?"

Yule mwenye kuona aibu, tata mudogo, alitafuta maneno ya kuifunika. Yule mkali alisema ukweli. Lakini yule mzuri, mwenye biskuti, yeye aliliona pengo moja tu mezani, na pengo lenyewe lilikuwa Jumamosi yake.

Asubuhi nilikunja sketi na blauzi, nikaziweka juu ya kitanda chake, nikatembea kwa miguu mpaka kambini. Kwa tata nilisema nimekumbuka nyumbani. Nilikuwa na haya, kana kwamba mimi ndiye niliyeiba. Siku zote kwenye salamu nilikuwa nimewaambia naendelea vizuri, ninazoea shule, na tata alikuwa amewatangazia wenzake wote wa malori kule Mashamba. Mwezi wa saba ukaisha.

Mwezi wa nane, Jumapili, baada ya ibada, gari la tata mudogo likaingia kambini. Watoto wote wakalikimbilia na kulishika kama ng'ombe wa maonyesho. Walishuka mama mudogo na dada. Ndipo nilipogundua kwamba kila kitu kilikuwa kimekwisha zungumzwa: tata na mdogo wake walikutana kazini, na kwa kuwa mimi nilishindwa kukaa na watu, nafasi yangu apewe mdogo wangu. Alikuwa na miaka kumi na miwili sasa, mrefu kuliko umri wake. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, soksi mpaka magotini, na kibegi kimefungwa kwa kamba. Alikuwa anang'aa. Tata mwenyewe alikibeba kibegi akakiweka nyuma ya gari.

Mama mudogo akarudia maneno yaleyale, neno kwa neno, nadhani alikuwa ameyahifadhi. Orodha ya mwaka huu imefungwa, lakini mwaka ujao ataandikwa. Kwa sasa atasaidia kazi ndogondogo. Tata akainama kushukuru.

Dada alikuwa amemletea mdogo wangu bati la biskuti. Akamweka mbele yake, akampima kwa macho kuanzia kiunoni mpaka magotini, akatabasamu.

"Sketi itamupwaya kidogo," akamwambia mama yake, "lakini tutapinda."

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kisu cha kukatia mboga. Nikakiweka chini kwanza, kwa usalama wa familia. Nikatoka mpaka kwenye gari.

"Mama mudogo," nikasema, "wakiita majina kule shambani, huyu ataitika jina gani?"

Alianza kutafuta funguo za gari ndani ya mkoba. Tata ndiye aliyegeuka.

"Sketi ya nini?" akauliza. "Shamba gani?"

Basi nikamwambia. Palepale, jua la mchana, mbele ya majirani na watoto waliokuwa wanachungulia kwenye kioo cha gari. Nilimwambia Jumamosi zote, mbao nilizofuta, Madame na imla, zawadi, mpiga picha, na maneno ya mezani. Safari hiyo sikutia chumvi hata punje, na kwa sababu hiyo hadithi ilikuwa fupi. Dada alianza kulia. Aliniambia kwamba siku zote amenipenda kama ndugu, kwa nini namfedhehesha. Na alikuwa na haki ya kulia, alinipenda kweli.

Tata alikuwa mtu wa kuendesha lori lile refu kurudi nyuma, juu ya ukingo wa shimo, bila kutetemeka. Siku ile alisogea kwa mwendo uleule. Alizunguka gari, akafungua nyuma, akatoa kibegi cha kamba, akakiweka chini kwenye vumbi.

"Mama," akamwambia mke wa mdogo wake, kwa heshima yote, "unisalimie mudogo yangu. Umwambie akuye yeye mwenyewe na ile kitabu. Amwandike mutoto hapa, mbele yangu. Mi sijui kusoma, lakini huyu wangu atanisomea."

Gari likaondoka, watoto wakakimbia nyuma yake mpaka kwenye kona. Tata alikaa kwenye kiti nje akingoja siku ile yote, na Jumapili iliyofuata akakaa tena na shati lake la kanisani, na ile iliyofuata. Tata mudogo hakuja.

Mdogo wangu naye hakuniambia asante, msifikiri. Alilia mpaka soksi zake zikateremka. Aliliona gari, aliziona biskuti, alisikia kuhusu madirisha kumi na mawili, na mtu aliyemzuia asivipate vyote hivyo alikuwa mimi, dada yake, niliyekwisha kula vyangu. Aliniambia kwamba ninamwonea wivu. Siku tatu alikataa kula chochote nilichokipika. Siku ya nne njaa ikamshinda, akachukua sahani yake, akakaa kwenye kizingiti, akanigeuzia mgongo, akala.